Namba iliyo kwenye nyundo: jinsi ya kuisoma, kuihakiki na kuagiza nyundo kwa uzito wake

Fomu ya kuagizia vifaa ilijazwa kwa mwandiko wangu, kwa hiyo sikuwa na nafasi ya kumlaumu muuzaji peke yake. Niliandika "nyundo za kugongea tindo, 2, vipande 12", na akilini mwangu hiyo 2 ilikuwa ratili (paundi) mbili, kwa sababu ndivyo tulivyozoea kusema katika karakana ile. Muuzaji akaleta nyundo kumi na mbili za kilo mbili, yaani zaidi ya mara mbili ya uzito niliokuwa nautaka. Vijana waliokuwa wakijifunza kukata bamba la chuma kwa tindo walizitumia kwa siku tatu kabla sijagundua. Vichwa vya tindo vilikuwa vimetanuka na kupinda kingo kama uyoga, vidole kadhaa vilikuwa vimefungwa vitambaa, na nyundo zenyewe hazikuweza kurudishwa dukani kwa kuwa zilikuwa zimekwisha kutumika. Tangu siku hiyo kila nyundo inayoingia katika stoo ninayoitunza hupitia hatua ninazozieleza hapa, na hakuna hata moja kati ya hatua hizo inayohitaji chombo cha gharama.

Hatua ya kwanza: fahamu kilichopimwa

Uzito unaoandikwa kwenye nyundo ni uzito wa kichwa chake peke yake, bila mpini. Watu wengi walioshika nyundo maisha yao yote hawalijui jambo hili, na kutolijua ndiko kunakoleta mabishano dukani, pale mnunuzi anapoiweka nyundo ya gramu 500 juu ya mizani, akaona 640, akadhani ama mizani ni mbovu ama lebo imeandikwa ovyo. Mizani ni nzima na lebo ni sahihi. Gramu 140 zilizozidi ni mpini na kabari zake.

Desturi hii ina sababu yake. Kichwa ndicho kinachofanya kazi ya kugonga, na ndicho sehemu isiyobadilika. Mpini huvunjika na kuwekwa mwingine, na uzito wake hutegemea mti uliochongwa: viwanda vya Marekani vimezoea mti wa hikori, vile vya Ulaya hutumia hikori na mti unaofanana nao uitwao eshi, ilhali fundi wa kwetu hukata mpera au mkwaju na kuuchonga mwenyewe. Isitoshe, hadi leo maduka mengi ya vifaa vya ujenzi huuza vichwa vitupu vya nyundo vilivyorundikwa ndani ya ndoo, na mnunuzi hutafuta mpini mahali pengine. Kama uzito ungehesabiwa pamoja na mpini, kichwa kilekile kingekuwa na uzito tofauti kila kinapohamia mikononi mwa fundi mwingine.

Kanuni hii haibadiliki hata pale ambapo kichwa na mpini ni kipande kimoja cha chuma, kama zilivyo nyundo za Estwing, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1923 huko Rockford, Illinois. Nyundo ya aina hiyo ikiandikwa wakia (aunsi) 16, maana yake ni kwamba kichwa chake kimekusudiwa kuwa sawa na kichwa cha nyundo ya kawaida ya wakia 16, ingawa ukiinyanyua nzima ni nzito zaidi kwa sababu ya shina la chuma lililomo ndani ya mshikio. Mtu anayehama kutoka mpini wa mti kwenda mpini wa chuma au wa nyuzi za kioo asishangae, basi, kuona kwamba namba ni ileile lakini mkono unachoka kwa namna tofauti.

Hatua ya pili: tafuta alama na usome kipimo chake

Safisha kichwa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha ukikague kwenye mwanga wa ubavuni, yaani mwanga unaopita sambamba na chuma badala ya kukiangukia moja kwa moja. Alama nyingi hugongwa kwenye shavu la nyundo, ule upande bapa ulio kati ya uso unaogonga na sehemu ya nyuma, karibu na tundu la mpini. Nyingine huandikwa kwa wino kwenye mpini au kwenye karatasi iliyobandikwa, na hizi ndizo zinazofutika kwanza. Kwenye nyundo iliyopakwa rangi nzito, alama yaweza kuwa ipo chini ya rangi. Paka chaki nyeupe na ufute juujuu, na maandishi yaliyozama yatabaki meupe.

Baada ya kuipata namba, usitosheke nayo. Tafuta herufi zinazoifuata. Herufi g na kg hazina utata. Herufi lb ni ratili, ambayo mafundi wengi wa leo huiita paundi. Herufi hizo hazifanani na neno lolote kati ya hayo mawili kwa kuwa zimetokana na neno la Kilatini libra. Herufi oz ni wakia, au aunsi kwa wale waliolipokea neno kutoka Kiingereza, na wakia 16 hufanya ratili moja. Nyundo nyingi zitokazo China huandikwa namba ikifuatwa na herufi P, kwa mfano 1.5P au 2P, na P hiyo ni paundi. Baadhi ya maandishi ya Kimarekani hutumia alama # baada ya namba kwa maana hiyohiyo ya ratili, kwa hiyo 3# si nyundo ya aina ya tatu bali ni nyundo ya ratili tatu.

Hapa nitoe tahadhari moja kwa wasomaji wanaotoka sehemu za machimbo. Wakia inayotajwa na wanunuzi wa dhahabu si wakia ya nyundo. Ya dhahabu ina gramu 31.1, na ya nyundo ina gramu 28.35. Kwenye kichwa cha wakia 16 tofauti hiyo inafika gramu 44, na nimewahi kumwona kijana aliyeanzia kazi kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, akilalamika kwamba nyundo yake mpya imepunjwa, wakati ilikuwa kamili kabisa.

Namba ikikosa herufi, yapo mambo ya kuongozea ukisiaji. Namba za mamia, kama 100, 200, 300, 500 na 800, ni gramu. Hivyo ndivyo vipimo vya nyundo za makenika zinazofuata kiwango cha Kijerumani kiitwacho DIN 1041, na viwanda vingi nje ya Ujerumani huvifuata pia. Namba kama 8, 12, 16, 20 na 24 kwenye nyundo ya seremala au ya makenika kwa kawaida ni wakia. Sehemu zilizoandikwa kwa mstari, kama 1½ na 2½, karibu kila mara ni ratili, kwa kuwa mtu anayetumia kilo huandika kwa nukta. Zinazobaki ni namba zenye hatari, yaani 1, 2, 3, 4 na 1.5, ambazo zaweza kuwa ratili na zaweza kuwa kilo. Kwa namba hizo usikisie. Nenda moja kwa moja kwenye mizani.

Zipo pia nyundo ambazo namba yake haihusiani na uzito hata kidogo. Nyundo zenye uso laini wa nailoni au plastiki, zinazotumika kugonga vitu visivyotakiwa kupata kovu, hutajwa kwa kipenyo cha uso kwa milimita: 27, 32, 35, 40 na kuendelea. Mtu akiona 32 akadhani ni wakia 32, atatarajia kichwa cha gramu 900 na kukuta kitu chepesi kabisa. Vilevile nyundo za makenika zilizotengenezwa kwa desturi ya Kifaransa, ambazo msomaji wa Bujumbura au Lubumbashi anaweza kukutana nazo, hutajwa kwa upana wa uso wao kwa milimita, kama vile 25, 28 au 32. Ukiwa na shaka, weka rula kwenye uso wa nyundo; namba ikilingana na milimita ulizopima, jibu umelipata. Kuna na zile namba za orodha za viwandani, zilizo mbaya kuliko zote. Katika orodha ya zamani ya Stanley, nyundo ya seremala namba 51 ilikuwa ya wakia 20, namba 51½ ya wakia 16 na namba 52 ya wakia 13, kwa hiyo namba ilipanda kadiri uzito ulivyoshuka. Anayerithi nyundo ya babu yake na kukuta namba ya namna hiyo asijisumbue kuitafsiri, aipime tu.

Hatua ya tatu: geuza kipimo kuwa gramu

Chagua kipimo kimoja cha stoo yako na ubaki nacho. Mimi nilichagua gramu kwa vichwa vilivyo chini ya kilo mbili, na kilo kwa vilivyo juu yake. Ratili moja ni gramu 453.6 na wakia moja ni gramu 28.35. Makubaliano ya mwaka 1959 kati ya nchi zilizokuwa zikitumia ratili, zikiwamo Uingereza na Marekani, yaliifungamanisha ratili na kilo kwa kiasi kimoja maalumu, kwa hiyo ratili ya nyundo ya Kiingereza na ya nyundo ya Kimarekani ni ileile.

Vipimo vinavyokutwa mara kwa mara ni hivi, na inafaa uvibandike ukutani:

Wakia 8 ni gramu 227.
Wakia 12 ni gramu 340.
Wakia 16, ambayo ndiyo ratili 1, ni gramu 454.
Wakia 20 ni gramu 567.
Wakia 24, au ratili 1½, ni gramu 680.
Ratili 2 ni gramu 907.
Ratili 2½ ni gramu 1,134.
Ratili 4 ni gramu 1,814.
Ratili 7 ni kilo 3.2.
Ratili 10 ni kilo 4.5.
Ratili 14 ni kilo 6.35.

Utaona kwamba vipimo vya ratili na vya gramu havikutani barabara mahali popote. Nyundo ya wakia 16 na ya gramu 500 huwekwa kwenye rafu moja na kuuzwa kama ndugu mapacha, na kwa kazi nyingi ni sawa kufanya hivyo. Tofauti ya gramu 46 haitamsumbua fundi anayepigilia misumari ya kenchi. Lakini ratili 4 si kilo 2, ingawa wauzaji wengi watakuambia hivyo. Tofauti yake ni karibu gramu 190, na mwashi anayegonga patasi ya mawe kutwa nzima ataihisi kabla ya saa sita mchana.

Mchanganyiko huu wa vipimo haupo kwenye nyundo tu. Kwetu mbao huitwa mbili kwa nne, kwa inchi. Msumari ni wa inchi tatu au nne, lakini huuzwa kwa kilo. Nyundo inayoupiga msumari huo yaweza kuwa ya wakia, ya ratili au ya gramu. Mafundi wamezoea kuishi hivyo na kazi zinakwenda. Anayepata tabu ni mtu wa stoo, kwa sababu yeye huagiza kwa maandishi, na maandishi hayana mkono wa kumwonyesha muuzaji ukubwa unaotakiwa.

Hatua ya nne: hakiki kwa mizani

Kama ulichonunua ni kichwa kitupu, kazi ni rahisi: kiweke kwenye mizani na usome. Kama mpini umo, unaweza kupima nyundo nzima na kutoa uzito wa mpini unaofanana nao, lakini njia hiyo ni ya kubahatisha, kwa kuwa mipini miwili ya urefu mmoja yaweza kutofautiana kwa makumi ya gramu. Iko njia iliyo bora zaidi, na inahitaji maji, chombo kipana na mizani ndogo ya jikoni yenye kuonyesha namba.

Weka chombo chenye maji juu ya mizani, kisha bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, ili mizani isome 0 chombo na maji vikiwa juu yake. Shika nyundo kwa mkono au uifunge kamba, kichwa kikiwa chini, na uishushe taratibu hadi maji yafike pale mpini unapoingilia kichwani, yasizidi hapo. Kichwa kisiguse kitako wala ubavu wa chombo. Kikigusa, kipimo kimeharibika. Soma namba wakati maji yametulia. Kila gramu utakayoiona ni sentimita moja ya ujazo ya kitu kilichozama, kwa sababu maji yanainua kichwa kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyosukumwa, na nguvu hiyohiyo ndiyo inayobonyeza mizani.

Sasa ondoa ujazo wa mti uliomo ndani ya tundu. Pima urefu na upana wa tundu kwa sentimita pale juu unapouona mwisho wa mpini, pamoja na kimo chake kutoka juu hadi chini. Zidisha vipimo hivyo vitatu, kisha zidisha kwa 0.785, kwa kuwa tundu ni la duaradufu na si la pembe nne. Kinachobaki baada ya kutoa ni ujazo wa chuma. Kizidishe kwa 7.85, ambayo ni gramu za sentimita moja ya ujazo ya chuma cha pua, na umepata uzito wa kichwa. Kufanana kwa 0.785 na 7.85 ni bahati tu, lakini ni bahati inayosaidia kukumbuka.

Nitaonyesha kwa nyundo iliyoletwa kwangu ikiwa na 2 tupu iliyogongwa shavuni, pembeni yake kutu imekula herufi zilizokuwapo. Ndani ya maji ilisoma 122. Tundu lake lilikuwa na urefu wa sentimita 2.4, upana wa 1.5 na kimo cha 2.5, ukizidisha unapata 9, na kwa 0.785 unapata karibu 7. Ukitoa 7 kutoka 122 inabaki 115, na 115 mara 7.85 ni gramu 903. Ratili mbili ni gramu 907. Kwa hiyo ile 2 ilikuwa ya ratili bila shaka yoyote, na kazi yote ilichukua muda mfupi kuliko kubishana.

Njia hii ina faida nyingine isiyoonekana upesi. Mizani ya jikoni inayobeba kilo tano haiwezi kupima nyundo kubwa ya ratili 14 iwekwapo juu yake, lakini chuma cha nyundo hiyo kinasukuma maji ya gramu 810 hivi, na mizani ndogo inalimudu jambo hilo ilimradi chombo chenyewe na maji yake visiielemee. Usiuache mpini majini muda mrefu, na ukimaliza kausha tundu vizuri. Kwa nyundo ya shaba nyeupe au ya madini mengine usitumie 7.85, kwani uzito wa madini hayo ni mwingine.

Swali linalofuata ni tofauti kiasi gani ikubalike. Namba ya kwenye nyundo ni uzito uliokusudiwa. Vichwa hufuliwa kwa kalibu, kisha husagwa na kung'arishwa, na kila kimoja hupoteza kiasi chake. Mimi huikubali nyundo ikiwa tofauti ni ndogo, na huirudisha ikiwa imepungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Huo ni uamuzi wangu, si sheria ya kiwanda chochote. Upungufu mkubwa kuliko huo kwa kawaida huandamana na kasoro nyingine: tundu lililotobolewa upande, uso uliopinda, au chuma laini kinachobonyea kwa mapigo machache.

Hatua ya tano: linganisha uzito na kazi

Pigo la nyundo hutegemea uzito na mwendo, na mwendo una nguvu zaidi. Ukiongeza uzito wa kichwa mara mbili kwa mwendo uleule, nguvu ya pigo huongezeka mara mbili; ukiongeza mwendo mara mbili kwa uzito uleule, huongezeka mara nne. Ndiyo maana fundi mwepesi wa mkono mwenye nyundo ya gramu 450 humpita mtu anayejikokota na ya gramu 700. Tena uzito una gharama yake: tofauti kati ya gramu 500 na gramu 680 ni gramu 180 tu, lakini anayeinua nyundo mara elfu kwa siku atakuwa amenyanyua kilo 180 za ziada ifikapo jioni.

Kwa misumari midogo ya inchi moja, vibao vya mapambo na kazi ya fremu za picha, gramu 200 hadi 230 zinatosha. Kilicho kizito zaidi kitapinda msumari na kuacha alama kwenye mbao. Kwa useremala wa kawaida na misumari ya inchi tatu na nne, chukua wakia 16 au gramu 500. Ikiwa nyumba ina nyundo moja tu, iwe hiyo. Kwa mafundi wa kenchi na wa mbao za kumiminia zege, ambao hupiga misumari ya inchi nne na tano kutwa nzima, wakia 20 au 24 hupunguza idadi ya mapigo, ila mkono sharti uwe umezoea. Fundi makenika huhitaji angalau nyundo mbili: moja ya gramu 300 au wakia 12 kwa pini na vidude vidogo, na moja ya ratili 1½ au gramu 800 kwa kazi za kawaida za karakana.

Tindo ya chuma, ile iliyoniponza mimi, inataka ratili 2 au 2½, au gramu 1,000 kwa wanaotumia vipimo vya Kijerumani. Chini ya hapo tindo hairuki mbele, na juu ya hapo anayejifunza hawezi kuielekeza. Mwashi anayechimba njia za mabomba ukutani hutumia nyundo fupi ya mkono mmoja yenye nyuso mbili, ya ratili 2½ au 4. Nyundo kubwa za mikono miwili huanzia ratili 7 na kupanda hadi 14 kwa vipimo vya Kiingereza, au kilo 3 hadi 10 kwa vipimo vya Kijerumani. Hapa kosa la kawaida ni kununua iliyo nzito kuliko zote. Wapondaji kokoto wanaofanya kazi kwa malipo ya ndoo, kama wa Kunduchi jijini Dar es Salaam, wanalijua hili vizuri kuliko mtu yeyote wa stoo: jiwe kubwa hupasuliwa kwa nyundo kubwa, lakini kulifanya kokoto ni kazi ya nyundo ndogo ya mkono mmoja, iliyo nyepesi kiasi cha kupigwa hadi jua lichwe.

Mpini nao ulingane na kichwa. Katika kiwango kile cha Kijerumani, kichwa cha gramu 500 huwekewa mpini wa milimita 320, cha gramu 1,000 milimita 360, na cha gramu 2,000 milimita 400, ilhali nyundo kubwa ya mikono miwili hufikia karibu sentimita 90. Mpini mrefu kupita kiasi kwenye kichwa kizito huongeza mwendo wa pigo na pia huongeza uwezekano wa kuvunjika shingoni, mahali ambapo hakuna anayetaka uvunjike.

Hatua ya sita: weka alama yako na uandike daftarini

Baada ya kupima, andika uzito mahali pasipofutika. Usigonge namba kwenye uso wa nyundo kwa namna yoyote ile. Uso umekazwa kwa moto, na kuugonga kwa chuma kingine kigumu ni njia ya hakika ya kurusha kipande kinachoweza kuingia jichoni. Kwa sababu hiyohiyo nyundo haigongwi kwa nyundo nyingine. Mimi huchoma namba kwenye kitako cha mpini kwa msumari uliopashwa moto, kisha hupaka mstari wa rangi shingoni: nyeupe kwa vichwa vilivyo chini ya gramu 400, manjano hadi gramu 700, buluu hadi gramu 1,200, nyekundu kwa kila kilichozidi hapo. Mpini ukivunjika, alama huhamishiwa kwenye mpini mpya siku ileile, kabla kichwa hakijachanganyika na vingine ndani ya ndoo.

Katika daftari la stoo na katika fomu ya kuagizia, mambo manne yaandikwe kila mara: aina ya nyundo, uzito wa kichwa pamoja na jina zima la kipimo, aina na urefu wa mpini, na idadi ya vipande. Usiandike kifupi pale ambapo neno zima linaenea. Mafundi wa Kenya na Uganda waliozoea kusema paundi waandike paundi, na waliozoea ratili waandike ratili, lakini mbele yake ziwekwe gramu, kwa sababu gramu hazina lugha. Tena ongeza maneno "uzito wa kichwa bila mpini", hata kama unaona ni jambo linalojulikana; karani wa duka anayepima nyundo nzima ili akuridhishe atakuletea kichwa kilicho pungufu huku akiamini kuwa amekutendea haki.

Fomu yangu ya mwisho ya nyundo za tindo ilisomeka hivi: "Nyundo za makenika zenye kirungu cha mviringo nyuma, uzito wa kichwa bila mpini ratili 2 (gramu 907), mpini wa mti wa milimita 350, vipande 12." Zilipofika nilizamisha tatu majini, na baada ya hesabu nikapata gramu 898, 911 na 905. Zile za kilo mbili bado zipo kwenye rafu ya chini, shingo zao zina rangi nyekundu, na hutolewa tunapokuwa na ukuta wa kuvunja.